Shahada ya ualimu wa muziki: Jina la chuo halitoshi

WATAHINIWA wa Kidato cha Nne wanapoketi na wazazi wao kujaza kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo nchini Kenya, swali la kwanza huwa ni chuo kipi chenye jina. Kwa anayetaka uhandisi au udaktari, swali hilo lina mantiki yake. Kwa anayetaka kuwa mwalimu wa muziki, linaweza kumpoteza njia.

Sababu ni kwamba kuna shahada mbili ambazo majina yake yanakaribiana lakini mwisho wake ni tofauti kabisa. Shahada ya Muziki humtoa mwanamuziki msomi. Shahada ya Elimu, ambayo muziki ni mojawapo ya masomo yake mawili ya kufundishia, humtoa mtu ambaye Tume ya Huduma za Walimu (TSC) inaweza kumsajili kuwa mwalimu wa sekondari. Zote mbili zinaweza kusomwa katika jengo moja, chini ya wahadhiri wale wale na kwa piano zile zile. Miaka minne baadaye, mmoja ana nambari ya TSC na mwenzake yungali akibisha hodi.

Suala hili limepata uzito mpya tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10 katika shule za sekondari ya juu. Mtaala huo umewagawa wanafunzi katika mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Katika mkondo huu wa tatu limo somo la Muziki na Densi, likiwa bega kwa bega na Sanaa ya Uchoraji, Maigizo na Filamu, pamoja na Michezo.

Serikali ilitangaza kwamba inatarajia asilimia 60 ya wanafunzi waelekee kwenye sayansi, 25 kwenye sayansi za jamii na 15 kwenye sanaa na michezo. Asilimia 15 inasikika kuwa ndogo, lakini waliofanya mtihani wa kwanza wa kukamilisha sekondari msingi mwishoni mwa mwaka 2025 walikuwa zaidi ya milioni moja. Kwa hesabu hiyo, matarajio ya serikali ni zaidi ya vijana 150,000 katika mkondo wa sanaa na michezo kwa kila kundi linaloingia Gredi ya 10. Hata kama ni sehemu ndogo tu yao watakaochagua muziki, walimu wa kuwafundisha hawawezi kuokotwa njiani.

Kwa kijana anayeipenda kazi hii, picha hiyo inavutia. Serikali imelipa somo lake mkondo wenye jina, na itahitaji walimu. Kinachobaki, wengi watadhani, ni kutafuta chuo na kuanza masomo. Hapo ndipo inapofaa kutua na kuitazama historia, kwa maana nchi hii imewahi kupita njia iyo hiyo.

Mwaka 1982 Rais Daniel arap Moi aliunda Tume ya Rais ya Muziki, akamkabidhi uongozi wake Washington Omondi, mmoja wa watu watano waliotayarisha wimbo wa taifa mwaka 1963. Tume hiyo ilitoa ripoti yake mwaka 1984, na baadaye, mwaka 1988, ikaundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Katikati ya hayo, mwaka 1985, ukaingia mfumo wa 8-4-4. Muziki ukawa somo katika shule ya msingi, na ukatahiniwa katika KCPE pamoja na sanaa na ufundi.

Katika karatasi, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Darasani mambo yalikuwa mengine. Shule nyingi hazikuwa na mwalimu aliyeweza kusoma nota, wala ala yoyote zaidi ya filimbi chache na ngoma ya shule. Wanafunzi walikariri majina ya ala na alama za nota kama wanavyokariri miji mikuu ya mataifa, bila kuzisikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo yalipopunguzwa kwa hoja kwamba mzigo ulikuwa mzito mno kwa watoto, muziki ulikuwa miongoni mwa yale ya kwanza kuondolewa kwenye mtihani. Nani alishangaa? Somo lisilotahiniwa nchini Kenya huishi kwenye ratiba tu, na kipindi chake hukopwa na mwalimu wa hisabati.

Katika sekondari, muziki ulisalia somo la hiari. Uliwekwa katika kundi moja na Biashara, Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Lugha ya Ishara. Mwanafunzi alipaswa kuacha Biashara ili asome muziki, na mwalimu mkuu alipaswa kumtafuta mwalimu wa wanafunzi kumi ilhali Biashara ilijaza madarasa mawili. Shule nyingi ziliamua kwa haraka. Zilizoendelea kufundisha muziki ni zile zenye mila ndefu ya somo hilo, nyingi zikiwa shule kubwa za bweni.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo yote Tamasha za Muziki za Kenya, zilizoanza mwaka 1927, hazikufifia. Kila mwaka kwaya za shule huimba hadi fainali za kitaifa, na shule zisizo na somo la muziki hata kidogo hurudi nyumbani na vikombe. Hukodi mkufunzi wa kwaya kwa muhula mmoja, humlipa, kisha humsahau hadi mwaka unaofuata. Mkufunzi huyo aghalabu ni kijana mwenye kipaji na pengine Shahada ya Muziki, asiye na ajira ya kudumu. Nchi ina muziki mwingi shuleni na walimu wachache wa muziki, na hali hiyo imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeiona kuwa kasoro.

Kwa kuizingatia historia hiyo, jambo la kwanza la kuamua si chuo. Ni somo la pili.

Kanuni za TSC kwa mwalimu wa sekondari zinataka awe na alama ya wastani ya C+ katika KCSE, na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Asiyekuwa na Shahada ya Elimu huweza kuingia kwa kuongeza diploma ya uzamili ya ualimu juu ya shahada yake, lakini sharti la masomo mawili humfuata. Hapo ndipo mwenye Shahada ya Muziki anapokwama. Miaka minne yake yote imekwenda kwenye somo moja: harmonia, historia ya muziki, mafunzo ya usikivu, utunzi, uchezaji wa ala. Ana maarifa ya kina kuliko mwenzake wa Shahada ya Elimu, ila karatasi zake zinaonyesha somo moja pale panapotakiwa mawili. Wala asidhani kwamba shule za kibinafsi ni kimbilio, kwa kuwa Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inamtaka kila anayefundisha, popote pale, awe amesajiliwa.

Mwaka 2021 TSC yenyewe ilizua mjadala ilipopendekeza kwamba wote wanaotaka kuwa walimu wasome kwanza shahada ya taaluma, kisha waongeze diploma ya ualimu. Vyuo vikuu vililipinga pendekezo hilo vikali. Ninalitaja kwa sababu moja: linaonyesha jinsi masharti ya kuingia kazini yanavyoweza kutikiswa mwanafunzi akiwa tayari yumo katikati ya masomo. Mwenye masomo mawili yaliyokamilika hatikisiki sana.

Somo la pili lipi, basi? Kwa muda mrefu walimu wa muziki wamekuwa wakiuoanisha na Elimu ya Dini au Historia. Ni mchanganyiko mzuri kwa mwenye kuupenda, lakini soko la ajira limebadilika. Katika sekondari ya juu, masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati na Huduma kwa Jamii. Mengine huchaguliwa kulingana na mkondo. Hii ina maana kwamba mwalimu wa Muziki na Kiswahili anahitajika katika kila shule, iwe ina mkondo wa sanaa au haina. Mwalimu wa Muziki na Historia anategemea uchaguzi wa wanafunzi katika masomo yake yote mawili.

Kiingereza kwa kawaida husomwa pamoja na Fasihi ya Kiingereza kama jozi kamili, kwa hiyo hakiachi nafasi ya muziki. Hisabati ni hazina, pale ambapo chuo kinaruhusu jozi hiyo na mwanafunzi ana alama za kuiwezesha. Vyuo havifanani katika hili. Chuo kimoja kinaweza kumfungia mwanafunzi wa muziki katika jozi mbili au tatu kwa sababu ya mgongano wa ratiba tu, ilhali kingine kinampa uhuru zaidi. Swali la jozi zinazoruhusiwa lina uzito kuliko swali la ukubwa wa maktaba, na jibu lake halionekani kwenye picha za kuvutia za tovuti.

Sasa tuje kwenye vyuo vyenyewe. Orodha si ndefu.

Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo katika iliyokuwa kambi ya kijeshi ya Templer huko Kahawa, ndicho chenye mizizi mirefu zaidi katika kuwaandaa walimu wa muziki nchini. Kinatoa Shahada ya Muziki na pia Shahada ya Elimu yenye muziki, na sehemu kubwa ya walimu wa somo hili walioko shuleni leo wamepitia hapo. Hilo lina faida ambayo haiandikwi kwenye mwongozo wa kozi. Mwanafunzi anapokwenda kwa mazoezi ya kufundisha, uwezekano wa kumkuta mwalimu aliyesoma katika idara ile ile ni mkubwa. Kwa upande mwingine, ni chuo chenye wanafunzi wengi mno, na wingi ni adui wa somo linalohitaji mwalimu mmoja kuketi na mwanafunzi mmoja.

Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu, kilikua kutoka kwa taasisi ambazo mojawapo ilikuwa Chuo cha Walimu cha Siriba, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2001. Idara yake ya muziki iko katikati ya eneo lenye utajiri wa pekee wa ala: nyatiti na orutu za Waluo, litungu la Wabukusu, obokano ya Abagusii na ngoma za isukuti za Waluhya. Isukuti iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Kwa mwalimu mtarajiwa, kukaa miaka minne mahali ambapo mpiga nyatiti anaweza kualikwa darasani kutoka kijiji cha jirani ni elimu ambayo Nairobi haiwezi kuitoa kwa urahisi.

Kabarak, chuo cha kibinafsi nje kidogo ya mji wa Nakuru, kilianzishwa na Rais Moi yule yule aliyeunda Tume ya Muziki, na kimeupa muziki nafasi ya wazi, hadi kiwango cha uzamili na uzamifu katika elimu ya muziki. Madarasa madogo ni nguvu ya chuo cha kibinafsi. Gharama ndiyo kasoro yake, na nitairudia hapa chini.

Viko vyuo vingine vinavyotoa kozi za muziki kwa sura mbalimbali, vikiwemo vile vya kidini vinavyowaandaa viongozi wa ibada. Kozi hizo zina manufaa yake, lakini anayezitazama kama mlango wa ualimu lazima ahakikishe mambo mawili kabla ya kulipa hata shilingi moja: kwamba programu hiyo imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), na kwamba cheti chake kina maneno "Shahada ya Elimu" au njia iliyo wazi ya kufikia masharti ya TSC.

Baada ya orodha hiyo fupi kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotofautisha idara nzuri na idara ya jina, na ambalo wazazi hawaliulizii kamwe. Ni saa ngapi kwa wiki mwanafunzi anakaa na ala mikononi, mbele ya mtu anayeijua?

Shahada ya Elimu hugawanyika mafungu matatu. Kuna kozi za ualimu wenyewe: saikolojia, falsafa ya elimu, mtaala, upimaji. Kuna somo la pili. Fungu linalobaki ndilo la muziki, na ndani ya fungu hilo zimo nadharia, historia, usikivu, muziki wa Kiafrika, uongozaji wa kwaya na uchezaji wa ala. Mwanafunzi asiye makini huweza kuhitimu akiwa anajua mengi kuhusu muziki na kucheza kidogo sana. Atakapofika shuleni, wanafunzi wake watamgundua katika wiki ya kwanza.

Fikiria mtihani wa muziki wa KCSE ulivyo. Karatasi ya kwanza ni ya vitendo, ya pili ni ya usikivu, ya tatu ni ya nadharia, historia na uchanganuzi. Mwalimu asiyeweza kucheza vifungu vya sauti mbele ya darasa hawezi kuwaandaa kwa karatasi ya pili. Asiyeweza kumsindikiza mwimbaji kwa kinanda humwacha mtahiniwa wa karatasi ya kwanza ajitegemee. Mtaala wa umilisi unaongeza mkazo kwenye vitendo, na unauunganisha muziki na densi. Kwa hiyo mwalimu wa kesho anahitaji mikono na miguu yenye ujuzi, pamoja na kichwa.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu ni kwamba mwanafunzi wa Shahada ya Elimu achague chuo ambacho idara yake ya muziki inatoa pia Shahada ya Muziki. Idara ya namna hiyo hulazimika kuwa na vyumba vya mazoezi, ala za kutosha, wahadhiri wa uchezaji, na vikundi: kwaya, bendi, kikundi cha ngoma za asili. Mwanafunzi wa ualimu hunufaika na hayo yote hata kama ratiba yake haimlazimishi. Pale ambapo muziki ni tawi dogo tu la kitivo cha elimu, mara nyingi hukuta kinanda kimoja cha umeme kilichofungiwa ofisini, na ufunguo uko kwa karani.

Njia ya kulijua hili ni kwenda. Fika chuoni siku ya kazi, saa nane mchana, usimame nje ya idara ya muziki usikilize. Idara iliyo hai husikika. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu maswali manne ya moja kwa moja: somo la ala hufundishwa mtu mmoja mmoja au kwa makundi ya ishirini? Vyumba vya mazoezi hufunguliwa hadi saa ngapi? Nani anafundisha ala za Kiafrika, na je, anazicheza mwenyewe? Mara ya mwisho kikundi cha idara kutumbuiza hadharani ilikuwa lini? Majibu yao yatakuwa na ukweli kuliko maelezo ya afisa wa usajili.

Ala za Kiafrika nimezitaja kwa makusudi. Elimu ya muziki nchini ilijengwa na wamishonari na wakoloni juu ya nota za Ulaya, na vyeti vya ABRSM ya Uingereza, bodi iliyoanzishwa mwaka 1889, bado vina heshima kubwa mjini. Sina ugomvi navyo. Lakini George Senoga-Zake, mwenzake Omondi katika kazi ya wimbo wa taifa, alichapisha mwaka 1986 kitabu Folk Music of Kenya kuhusu muziki wa jamii za Kenya, na tangu hapo hakuna chuo chenye kisingizio cha kuufundisha muziki wa nyumbani kwa kipindi kimoja kwa muhula. Vilevile kuna hoja ya kawaida kabisa ya bajeti: shule ya kaunti haiwezi kununua piano, ila inaweza kumlipa fundi wa kijijini atengeneze orutu kumi. Mwalimu anayejua kuzifundisha ataanzisha darasa hapo. Asiyezijua atamwandikia mwalimu mkuu barua ya kuomba piano, na barua itakaa.

Kuhusu mazoezi ya kufundisha, hapa pana mtego ambao haujadiliwi sana. Chuo humpeleka mwanafunzi katika shule kwa takriban muhula mmoja ili afundishe masomo yake mawili chini ya uangalizi. Kwa kuwa shule zenye somo la muziki ni chache, huweza kutokea mwanafunzi akapelekwa mahali ambapo atafundisha somo la pili pekee na kusimamia kwaya jioni. Anahitimu kama mwalimu wa muziki ambaye hajawahi kufundisha kipindi cha muziki kwenye ratiba. Idara makini huwa na uhusiano wa kudumu na shule zenye somo hilo, na hutuma mhadhiri wa muziki, wala si yeyote tu mwenye nafasi, kwenda kumkagua mwanafunzi. Uliza orodha ya shule hizo. Ikiwa haipo, umeshapata jibu.

Sasa gharama. Zama ambapo mwanafunzi wa serikali alilipa shilingi 16,000 kwa mwaka bila kujali kozi zilikoma kwa wanafunzi wapya mwaka 2023, ulipoanzishwa mfumo mpya wa ufadhili unaowapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao. Mfumo huo umepelekwa mahakamani na umeleta mkanganyiko mwingi, lakini kanuni moja iliwekwa wazi tangu mwanzo: ufadhili usiorudishwa ni wa vyuo vya umma, na aliye katika chuo cha kibinafsi hutegemea mkopo na mfuko wa mzazi. Familia inayoipima Kabarak dhidi ya Maseno lazima iuweke ukweli huo mezani, pamoja na kwamba mwalimu mpya huenda asiajiriwe moja kwa moja. TSC imekuwa ikiwachukua wengi kwanza kwa mkataba wa uanagenzi, na waliopelekwa sekondari msingi mwaka 2023 walianza kwa marupurupu ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Mkopo mkubwa haulipiki kwa fedha hizo.

Wako pia vijana wenye kipaji waliosoma katika shule zisizo na somo la muziki, na pengine hao ndio wengi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini hawa hawakupewa hata jembe la kukataa. Baadhi ya vyuo hukubali vyeti vya nje kama vile vya ABRSM badala ya KCSE ya muziki, na taasisi kama Kenya Conservatoire of Music ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1944, zimewasaidia wengi kuvipata. Tahadhari ni moja: kukubaliwa na chuo na kukubaliwa na TSC ni mambo mawili. Mwenye njia hii na aiandikie TSC kabla ya kujiandikisha, apate jibu kwa maandishi, alihifadhi. Simu na ahadi za mdomo hazitamfaa mwaka 2030.

Wapo wanaotazama ng'ambo ya mpaka, hasa Makerere nchini Uganda na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kilichoko Usa River karibu na Arusha, ambacho kimejenga jina zuri katika muziki. Kitaaluma si wazo baya. Hata hivyo, shahada ya nje lazima itambuliwe na CUE kwanza, kisha sharti la masomo mawili lijibiwe, na mwenye shahada hiyo atakuwa hajafanya mazoezi katika shule ya Kenya. Kwa anayekusudia kurudi kuajiriwa na TSC, safari hiyo ina vituo vingi.

Mwaka 2030 nimeutaja kwa sababu. Anayeanza masomo mwaka 2026 atahitimu wakati huo. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 litakuwa limemaliza Gredi ya 12 mwaka 2028 na kubisha mlango wa vyuo vikuu mwaka 2029, likiwa limesoma Muziki na Densi kwa namna ambayo hakuna mhadhiri wala mwalimu mwanafunzi aliyewahi kuisoma. Kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Kwa maneno mengine, vyuo vinawaandaa leo walimu waliolelewa na mtaala mmoja ili wakafundishe mwingine. Chuo ambacho bado kinafundisha mbinu za kuufundisha muziki wa 8-4-4, pasipo densi na pasipo upimaji wa umilisi, kinamwandaa mwalimu wa darasa ambalo halitakuwepo. Hili nalo ni la kuuliza, tena kwa mwenyekiti wa idara mwenyewe: mtaala wenu wa ualimu wa muziki ulifanyiwa marekebisho mwaka gani?

Mzigo wote, hata hivyo, hauwezi kuachiwa kijana wa miaka 18 na mzazi wake. Wizara ya Elimu imezigawa shule za sekondari ya juu katika zile zenye mikondo yote mitatu na zile zenye miwili, na kila shule lazima itoe sayansi. Mkondo unaoachwa pale shule inapokosa uwezo ni wa sanaa na michezo. Kwa hivyo idadi ya shule zitakazohitaji mwalimu wa muziki inafahamika serikalini tayari, shule kwa shule, kaunti kwa kaunti. TSC nayo inajua ni walimu wangapi wa muziki waliosajiliwa, wangapi wameajiriwa na wangapi watastaafu katika miaka mitano ijayo.

Takwimu hizo zikichapishwa kwa kila somo kabla ya dirisha la KUCCPS kufunguliwa, mzazi wa Kakamega au Kilifi ataweza kuona kama kaunti yake inahitaji walimu wanne wa muziki au arubaini, na Chuo Kikuu cha Kenyatta au Maseno kitaweza kuamua iwapo kiongeze nafasi za somo hilo au vyumba vya mazoezi. Kwa sasa kila upande unakisia. Vyuo vinapokea wanafunzi bila kujua ajira zitakazokuwepo, shule zinaukwepa mkondo wa sanaa kwa kuwa hazina mwalimu, na TSC inasubiri shule ziombe mwalimu ndipo itangaze nafasi.